Mafundi wa Kasoro

Hapa Butimba, Mwanza, tuna watu wanaolipwa mshahara wa kukosoa: wakufunzi wa Chuo cha Ualimu. Msimu wa mazoezi ya kufundisha ukifika, mkufunzi anaingia darasani na fomu yake, anakaa dawati la nyuma, na habanduki mpaka kipindi kiishe. Halafu anamvuta pembeni yule mwalimu mwanafunzi, anamwambia usoni: ubao umeupanga vizuri, sauti inafika, ila muda mrefu umewapa watoto mgongo. Kisha anaandika jina lake chini ya fomu na kutia sahihi.

Sasa twende kijiweni. Pale hakuna haja ya kukaa kwenye kipindi cha mtu. Mama ntilie akipandisha bei ya wali, mwizi. Binti akirudi usiku kutoka kazini, eti anajulikana anakotoka. Kijana akichukua pikipiki ya mkopo, anaringa, ikichukuliwa na wenyewe, "si tulisema?" Na mhusika akichomoza kwenye kona, wote wanamchangamkia, "Shikamoo mama, za tangu juzi?" Waoga wakubwa.

Tena msiniambie ni maneno ya kusogeza jioni tu. Hapa ni Usukumani. Tumezika bibi zetu kwa maneno ya jioni. Kikongwe ana macho mekundu, jirani ananong'ona kuwa ni mchawi; mtoto wa mtu anaugua, mnong'ono umeshapata ushahidi; usiku mapanga yanabisha hodi. Macho yale yaliivishwa na moshi, miaka nenda rudi ya kupikia samadi ya ng'ombe ndani ya kibanda kisicho na dirisha, kwa kuwa kuni zimekwisha porini. Na wangapi kati ya waliomnyooshea kidole walikua kwa ugali uliosongwa kwenye moshi huohuo!

Mwaka 1976 serikali yenyewe ilishuka Mwanza na Shinyanga kupambana na mauaji ya namna hiyo, nayo ikaugua ugonjwa uleule: watuhumiwa wakasombwa, wakateswa, wengine wakafia mikononi mwa dola. Ali Hassan Mwinyi, Waziri wa Mambo ya Ndani, hakuwa amemgusa mtu kwa mkono wake. Mwaka 1977 akajiuzulu. Nionyesheni fundi mmoja wa kijiweni aliyewahi kumfuata mtu aliyemchafua, akamwambia, "Lile neno lilianzia kwangu."

Mtauliza, basi tufunge midomo? Hata kidogo! Chanzo cha maji cha Butimba kimejengwa kitoe lita milioni 48 kwa siku. Ukifungua bomba likakohoa hewa, piga kelele mpaka wenye mamlaka wakose usingizi. Mwenye cheo na kodi yako akosolewe asubuhi, mchana na jioni. Lakini hapo ndipo mabingwa wetu wanapopotelea. Mkutano wa mtaa unaitishwa, mapato na matumizi yanasomwa harakaharaka, mwenyekiti anauliza nani ana swali, na wao wanakagua viatu vyao kana kwamba wamevinunua leo. Anasimama mama mmoja muuza dagaa, anauliza fedha za mtaro zimekwenda wapi. Kikao kinafungwa. Hata barabarani hawajafika, wameshaanza: yule mama naye ana kiherehere, kwani mumewe yuko wapi?