Tutembee kidogo: Njia ya askari kando ya bahari

Baba na mama, na ninyi vijana, mwezi huu tunaacha vilima vyetu vya shaba. Tunakwenda Australia, upande wa kusini, jimbo la Victoria. Kule iko njia moja inayoitwa Great Ocean Road. Urefu wake ni kilometa 243, karibu sawa na kutoka Lubumbashi mpaka Likasi na kurudi. Lakini kule, wakati mwingi wa safari, dirisha moja linaangalia bahari.

Wageni wengi wanaipita na gari-nyumba. Mnajua kombi? Basi ni kombi, lakini ndani wametia kitanda, meza ya kukunja, resho ya gazi na frigo ndogo. Jamaa inapika humo, inakula humo, inalala humo. Wanakodi gari Melbourne, na Torquay ndipo njia inapoanza. Angalisho: kule wanaendesha upande wa kushoto. Madereva wetu wanaovuka Kasumbalesa kwenda Zambia wanajua maneno hayo. Na faida iko: ukitoka Torquay kwenda magharibi, bahari inabaki mkono wako wa kushoto, basi unasimama kando yake bila kukata njia.

Masikini baba anayeendesha! Mama na watoto wanapaza sauti, «Angalia pale!», na yeye haoni kitu isipokuwa kona. Mlima huku, maji kule. Asimame mara nyingi.

Pa kusimama kwanza ni Eastern View, chini ya lango kubwa la mbao. Moto wa pori wa 1983 uliliunguza, wakalijenga tena. Watu wanapiga foto, halafu wanaendelea mbio. Sisi tukae hapo kidogo, kwa maana lango hilo ni la watu walioifanya njia.

Vita kubwa ya 1914-1918 ilipokwisha, askari wa Australia walirudi kwao, na wengi walihitaji kazi. Bwana Howard Hitchcock, meya wa mji wa Geelong, na wenzake walikusanya feza, na toka 1919 mpaka 1932 askari kama 3.000 walichimba njia hii, iwe ukumbusho wa wenzao waliokufa vitani. Wachimbaji wanaosoma ukurasa huu wataelewa kuliko mimi kazi ilivyokuwa: baruti, piki, chepeo na toroli, katika mwamba unaoshuka moja kwa moja baharini. Walilala katika mahema. Mshahara ulikuwa shilingi 10 na peni 6 kwa siku ya saa nane. Wengine walikufa kazini, watu waliokuwa wameponyoka mizinga ya Ulaya.

Kisa cha kuchekesha kiko vilevile. Mwaka 1924 meli Casino iligonga mwamba karibu na Cape Patton, ikabidi kutupa majini mapipa 500 ya bia na masanduku 120 ya pombe kali. Wafanyakazi waliokota. Inasemwa kazi ilisimama juma mbili! Kapita wa kwetu angeandika nini katika ripoti yake?

Mwanzoni aliyepita alilipa, kama sisi tunavyolipaka kwenye peaji: shilingi 2 kwa motokari moja. Mwaka 1936 njia ikapewa serikali, na malipo yakaisha. Hitchcock hakuyaona hayo. Alikufa Agosti 1932, na njia ilifunguliwa Novemba ya mwaka ule. Siku ya sherehe motokari yake iliendeshwa nyuma ya ile ya mkubwa wa serikali, yeye mwenyewe hayumo.

Sasa tuendelee: Lorne, halafu Kennett River. Hapo watoto waangalie juu ya mikaliptusi, ile miti tunayoipanda hata huku. Kule ni miti ya asili, na koala analala ndani yake karibu siku nzima. Saa sita tuko Apollo Bay, mahali pa wavuvi. Mtu ale samaki. Kisha njia inaacha bahari, inapanda katika pori kubwa la Otway, halafu inarudi tena kwa maji.

Alasiri ni zamu ya Twelve Apostles, maana yake Mitume Kumi na Wawili: nguzo za mawe ya chokaa zilizosimama baharini. Msijisumbue kuhesabu. Hata zamani zilikuwa tisa tu, na jina la kwanza lilikuwa Nguruwe na Watoto Wake! Walilibadilisha kusudi wageni wavutwe. Moja ilianguka Julai 2005, zikabaki nane. Mawimbi yanakula chokaa bila kupumzika. Karibu na hapo meli Loch Ard ilivunjika mwaka 1878: watu 54 walikuwa ndani, wakapona wawili, kijana mmoja na msichana mmoja.

Mbele kidogo lilikuwapo daraja la mawe, kazi ya maji yenyewe, jina lake London Bridge. Tarehe 15 Januari 1990 upande wa pwani ulianguka, na watalii wawili wakabaki juu ya kipande cha mbele, maji pande zote, mpaka elikopteri ilipowatoa.

Toka hapo kuta za mawe zinapungua, tunapita mashamba ya ng'ombe mpaka Allansford, njia inakoishia. Kulala ovyo kando ya barabara kumekatazwa. Inafaa kutafuta kampi yenye maji na umeme, na Warrnambool iko karibu. Mama anawasha resho, watoto wanashuka kucheza, baba anazima motere. Sasa na yeye anaweza kuangalia bahari.