Mashine Ishauri, Binadamu Aamue

Wakazi wengi wa majumba ya Michenzani huenda wasijue kwamba Tunguu, mwanzoni mwa miaka ya 1960, palikuwa na kituo cha Marekani cha kufuatilia vyombo vya angani vya mpango wa Mercury. Kiliondolewa mwaka 1964, baada ya Mapinduzi. Wananchi walikishuku kuwa ni kituo cha makombora. Hakikuwa hivyo, lakini shaka yao ilikuwa na msingi: roketi ya Atlas, iliyompeleka John Glenn angani tarehe 20 Februari 1962, ilitokana na kombora la kivita.

Ufundi wa kukusanya habari kutoka mbali na kuzikokotoa papo hapo nao ulikwisha kutumiwa jeshini. Tangu mwaka 1958 mtambo wa Marekani ulioitwa SAGE ulipokea habari za rada kwa njia ya simu, na kompyuta zake zenye maelfu ya valvu zikamwonyesha ofisa ndege za kuzuiwa. Kila kituo kikuu kilikuwa na kompyuta mbili, ili moja ikiharibika nyingine ishike kazi.

Lakini kompyuta mbili zikilishwa habari moja ya uongo, zote mbili zitakosea. Katika safari ya Glenn ishara ilidai kwamba ngao ya kuzuia joto imelegea. Kumbe swichi ilikuwa mbovu. Tarehe 3 Juni 1980 kipande kidogo cha elektroniki kiliharibika, na makamanda wa Marekani wakaonyeshwa makombora yasiyokuwapo. Walipouliza rada na setilaiti zenyewe, hazikuwa zimeona kitu. Tarehe 26 Septemba 1983 mtambo wa Urusi ya Kisovieti ulitangaza makombora 5. Luteni kanali Stanislav Petrov alijiuliza: nani aanzishe vita kuu kwa makombora 5 tu? Akaamua kuwa ni kosa. Mwanga wa jua juu ya mawingu ndio uliokuwa umeidanganya setilaiti.

Leo kompyuta zinazidi kupewa kazi ya kuchagua shabaha, kwa hoja kwamba binadamu ni mzito wa kuamua. Kwa maoni yangu, uzito huo ndio uliotuokoa. Basi walimu, tusiwafundishe vijana kuiendesha mashine tu; tuwafundishe pia kuihoji: habari hii imetoka wapi, na nani mwingine ameiona?