PlayStation 2 Iliyozeeka na Vifaa vya Mtandaoni

Zimesalia katika nyumba nyingi za pwani na za bara mashine za PlayStation 2 ambazo wenyewe hawakuwa na moyo wa kuzitupa wala haja ya kuziuza, na kwa kuwa watoto waliozichezea zamani sasa ni watu wazima wenye mishahara na simu za mkononi, imekuwa sahali kwao, usiku nyumba ikitulia, kufungua maduka ya mtandaoni na kukuta pedi, memori kadi, adapta za umeme, nyaya za picha na vikorokoro vingine visivyo na hesabu, vyote vikidai kwamba vitairudishia mashine ile ujana wake. Swali ambalo mtu hana budi kujiuliza kabla ya kutoa fedha ni kama ununuzi huo una faida, ama ni njia mojawapo ya kuuziwa kumbukumbu zetu wenyewe. Mimi naona una faida, tena kubwa, kwa mnunuzi aliyekwisha kuijua mashine yake. Kwa asiyeijua nauona kuwa ni hatari, maana miongoni mwa vifaa hivyo kimo kiwezacho kuiua mashine kwa dakika moja.

Mashine hii ilianza kuuzwa Japani tarehe 4 Machi 2000, ikaenea ulimwenguni hata zikauzwa zaidi ya milioni 155, na kwa miaka mingi haikutokea mashine nyingine ya gemu ya kuifikia. Kampuni ya Sony ilikoma kuitengeneza mwanzoni mwa mwaka 2013, na mwaka 2018 ikafunga huko Japani mlango wa kuzipokea zilizoharibika ili kuzikarabati. Huku kwetu mashine moja iliweza kuchezwa na mtaa mzima, kwa sababu wengi wetu hatukuijulia sebuleni bali katika vibanda vya gemu, ambamo vijana walilipia mechi moja moja, mshindi akabaki na pedi na aliyeshindwa akampisha mwenziwe. Mashine iliyofanya kazi ya namna hiyo huchoka mahali fulani fulani panapojulikana, na kwa kuwa kiwanda hakipo tena, ghala la vipuri vyake limekuwa ni soko la mtandaoni. Asemaye kwamba ununuzi huu ni upuuzi mtupu hana budi kutuambia kwanza kipuri kitapatikana wapi pengine.

Wapo wasemao kwamba simu ya leo ina nguvu kuliko mashine ile, na kwamba ziko programu za kuiigiza, basi ya nini kugharimia chuma kikuukuu? Hoja hiyo ina haki yake kwa mtu akusudiaye kucheza peke yake garini. Lakini gemu nyingi za wakati ule zilitungwa kwa ajili ya watu wawili walioketi bega kwa bega mbele ya kioo kimoja, kila mmoja na pedi yake mkononi, wakisikiana pumzi na kelele. Na furaha ya mpira ule wa jioni, baba akimfungia mwanawe au mwana akimfungia babaye, haijapata kuletwa na kioo cha simu. Maadamu mashine inachezwa, kuigharimia ni halali kama kugharimia redio au baiskeli ya nyumbani. Ikiwa haichezwi, hata kipuri cha bei ya chini ni ghali.

Nianze na pedi, kwa kuwa ndiyo itanguliayo kufa na ndiyo inunuliwayo kuliko vyote. Pedi halisi ya mashine hii, iitwayo DualShock 2, ina siri ambayo wengi walioishika miaka na miaka hawakuitambua: vitufe vyake vingi, vikiwa ni pamoja na vile vinne vya mkono wa kulia na mishale ya kushoto, hupima kadiri ya nguvu ya kidole. Katika Gran Turismo 3 gari huongeza mwendo kwa kadiri kitufe cha X kinavyokandamizwa. Katika Metal Gear Solid 2, gemu ya mwaka 2001, mchezaji aliyekwisha kuelekeza bunduki na kisha akabadili nia huachia kitufe polepole, na bunduki ikashushwa pasipo risasi kutoka. Pedi bandia zilizojaa mtandaoni, ambazo kwa sura na alama ni vigumu kuzitenga na zilizo halisi, aghalabu hujua mambo mawili tu, kwamba kitufe kimebonyezwa au hakikubonyezwa. Kwa mpira zitafaa kwa muda. Kwa gemu nilizozitaja zinamnyima mchezaji kitu ambacho watungaji walikusudia awe nacho, naye atadhani kwamba mikono yake imezeeka.

Sasa, kabla ya kununua pedi nyingine, ifunguliwe ile iliyopo. Nimeketi mara nyingi kwenye meza ya fundi nikitazama kazi hii, na kila ikifunguliwa pedi mambo ni yaleyale: chini ya vitufe mna mipira laini yenye vidoa vyeusi, chini ya mipira mna utando mwembamba wa plastiki uliochorwa njia za umeme, na ncha ya utando huo imekandamizwa juu ya sakiti kwa kipande kidogo cha sponji. Sponji hiyo husinyaa kwa miaka. Ikisinyaa, mgusano hulegea, na pedi huanza kubonyeza vitufe pasipo kidole cha mtu, mchezaji wa mpira akapiga shuti asilolikusudia na menyu ikakimbia yenyewe juu na chini. Fundi huongeza unene kidogo pale, kwa tepu au kwa kipande kingine cha sponji, akasafisha vidoa kwa spiriti, na pedi iliyohukumiwa kutupwa ikarudi kazini. Iwapo utando wenyewe umekatika, basi utando na mipira yake ndivyo vya kuagizwa mtandaoni: ni vitu vyepesi kama karatasi, nauli yake ni ndogo, na bei yake haifiki popote pa kulinganishwa na bei ya pedi nzima. Huu ndio ununuzi ninaousifu pasipo sharti lolote. Ama huyo aitangazaye DualShock 2 kuwa ni mpya na halisi kwa bei ya sahani ya wali, ilhali kiwanda kilifungwa zamani, kumtilia shaka ni wajibu.

Jambo la umeme ndilo linitialo hofu, na hapa nawasihi wasomaji wasifanye haraka. Mashine hii ina maumbo matatu ambayo matangazo ya mtandaoni huyachanganya kana kwamba ni kitu kimoja. Ile nene ya kwanza ina kigeuzi cha umeme tumboni mwake, nayo hutaka waya tu, ambao hupatikana kwa muuza vifaa vya umeme yeyote. Ile nyembamba iliyotoka mwaka 2004, yenye namba zinazoanzia SCPH-70000, haina kigeuzi ndani. Hutegemea adapta ya nje itoayo volti 8.5 na ampea 5.65. Kisha ikaja nyembamba ya mwisho, SCPH-90000, ambayo kigeuzi kilirudishwa tumboni, na mwenye hiyo akinunua adapta amenunua kitu asichokuwa na pa kukichomeka. Namba imeandikwa kwenye kibandiko kilichoko chini ya mashine, na kuisoma hakugharimu kitu.

Hatari iko kwenye ile ya katikati. Adapta ya bei ya chini mara nyingi huandikwa ampea ambazo haina, na ikilazimishwa kuzitoa hupata moto, volti zikayumba, na mashine ikazimika katikati ya mchezo au isiwake tena abadan. Mtu asidhani kwamba nasema haya kwa kuwaonea watengenezaji wadogo: mwaka 2005 Sony yenyewe ililazimika kuwataka wateja warudishe adapta ilizotengeneza mwaka uliotangulia kwa ajili ya mashine hiyo nyembamba, kwa sababu zilikuwa zikipata joto la kupita kiasi. Ikiwa hayo yaliweza kumfika aliyeitengeneza mashine, aliyeiga kwa nusu ya gharama atawezaje kuaminiwa kwa neno lake tupu? Wenye mashine zilizotoka Japani wana sharti jingine, kwani zile zilitengenezwa kwa umeme wa volti 100, na ukutani kwetu mna 230. Bila transfoma ya kushusha, mara ya kwanza kuiwasha huenda ikawa mara ya mwisho. Na walio na mashine kongwe zaidi nao wasijione wamesalimika: Mega Drive ya kwanza ya Sega hutaka katikati ya plagi yake pawe hasi, ilhali ya pili hutaka pawe chanya. Kwa vitu hivi nasema mtu anunue adapta halisi iliyotumika, yenye kibandiko kinachosomeka, kuliko mpya isiyo na jina. Na akiikosa, angoje.

Memori kadi hazihitaji maneno mengi. Ya Sony ina nafasi ya megabaiti 8, na hizo zitoshe. Zile zinazojigamba kwa 64 na 128 zina sifa mbaya ya kupoteza zilichokabidhiwa, na aliyewahi kujenga timu yake kwa misimu mingi, kisha akakuta kadi imekuwa tupu kama siku ilipotoka dukani, hatashawishika tena kwa ukubwa wa tarakimu.

Ama picha, hapa ndipo fedha nyingi zinapopotea kwa nia njema. Mtu aliyekuwa na televisheni ya kichogo ameigawa, ameleta bapa kubwa ya ukutani, ameichomeka mashine kwa waya wa zamani wenye ncha ya manjano, nyeupe na nyekundu, na picha aliyoikumbuka kuwa nzuri imemtokea ikiwa na ukungu, imevimba, nyuso za wachezaji hazitambulikani. Mtandaoni huambiwa kwamba kiko kidude kidogo cha HDMI kimalizacho taabu hiyo. Ukweli ni kwamba mashine hii kwa gemu zake nyingi hutuma picha nusu nusu, mistari ya witiri kwanza na ya shufwa baadaye. Televisheni ya kichogo iliumbwa kwa kazi hiyo, na televisheni bapa hulazimika kuzishona zile nusu mbili yenyewe, nyingine zikishona vizuri na nyingine vibaya, tena kwa kuchelewa kidogo ambako mpiga penalti hukuhisi kidoleni. Kile kidude cha bei ndogo hakishoni chochote. Huipokea picha na kuipitisha.

Kwa hiyo mwenye televisheni iliyo na matundu ya kijani, buluu na nyekundu na anunue waya wa komponenti, ambao hubeba mwangaza na tofauti za rangi kila kimoja kwa njia yake. Faida yake huonekana mara moja, na kwa maoni yangu ndio waya bora kwa fedha zinazotolewa. Mwenye televisheni isiyo na matundu hayo anunue kidude cha HDMI kwa sababu hana njia nyingine, asingojee miujiza, na rangi zikimtokea mbaya aingie kwenye menyu ya mashine abadili picha kutoka RGB kwenda Y Cb/Pb Cr/Pr kabla ya kumlaumu muuzaji. Viko pia vigeuzi vya hali ya juu, kama vile RetroTINK, vinavyoshona picha kwa ustadi wa kweli. Bei yake huweza kuipita bei ya mashine yenyewe, na sioni aibu kumwambia mpenzi wa kweli wa gemu hizi kwamba, akiwa nazo, azitoe. Kwa jamaa wa kawaida napendekeza televisheni ya kichogo, ambayo bado hupatikana kwa mafundi kwa bei ndogo.

Kutoka hapo inafahamika kwa nini bastola ya gemu kama GunCon 2 isinunuliwe na mwenye televisheni bapa: hufanya kazi kwa kuusoma mwanga wa kioo cha kichogo unavyopita mstari kwa mstari, na penginepo haioni kitu. Adapta ya mtandao yenye nafasi ya diski kuu nayo ni ya mashine nene peke yake; nyembamba haina mahali pa kuipachika.

Bei iliyoandikwa kwenye tangazo haijawa bei. Juu yake huja nauli, na ushuru kwa kawaida hukokotolewa kwa thamani ya kitu, bima na nauli kwa pamoja, kisha kodi ya ongezeko la thamani, ambayo ni asilimia 18 Tanzania Bara na 16 Kenya. Kitu kikifika kibovu, nauli ya kukirudisha huenda ikazidi thamani yake, na mnunuzi hukiacha kabatini kwa uchungu. Ndiyo maana mtu na adai kwanza picha ya kitu kilekile atakachotumiwa, kibandiko kikionekana, na muuzaji akipeleka picha ya tangazo badala yake, mazungumzo yaishie hapo.

Dhima kubwa ya jambo hili naiweka mabegani mwa wafanyabiashara wetu. Maduka ya Kariakoo na ya Luthuli Avenue huagiza kwa kontena pedi bandia zinazokufa upesi, na mafundi walio hatua chache kutoka hapo hawana utando wala mipira ya kutengenezea zile halisi ambazo watu bado wanazo. Tando mia moja huenea katika kifurushi kimoja kidogo. Duka likiziagiza kwa jumla, pamoja na nyaya za komponenti na adapta zilizopimwa kwa mita mbele ya mteja, nauli ikagawanyika kwa wengi, mtu atafika asubuhi na pedi ipigayo mashuti peke yake na kuichukua jioni imepona, kwa fedha ambazo mtandaoni zisingetosha hata nauli.