KARANGA ZA KONGWA NA FEDHA ZA WANACHAMA

Watu wengi wa nchi hii wamesikia habari za Mpango wa Karanga, na wengi wakitajiwa hucheka: Wazungu walileta matrekta, wakashindwa na mibuyu, wakarudi kwao. Sisi hatuoni kwamba ni jambo la kucheka tu. Twalileta tena katika ukurasa huu kwa sababu katika vyama vyetu vya ushirika, katika vyama vya akiba na mikopo, na hata katika mashirika ya umma, tunasikia maneno yale yale waliyosema mabwana wale, ila sasa yanasemwa kwa Kiswahili.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikuwa na upungufu mkubwa wa mafuta ya kula. Mwaka 1946 mkuu mmoja wa kampuni ya United Africa, ambayo ilikuwa mali ya Unilever, aliishauri Serikali ya London kwamba karanga zilimwe kwa mashine katika Tanganyika. Wakatumwa wajumbe watatu. Walikaa Afrika wiki 9, na sehemu kubwa ya ardhi waliitazama kutoka katika ndege. Waliporudi walikuwa na hesabu iliyokamilika: eka 3,210,000, nyingi zikiwa Tanganyika na nyingine Kenya na Rhodesia ya Kaskazini, zilimwe kwa miaka 6, kwa gharama ya paundi milioni 24. Shamba dogo la kujaribia halikulimwa kwanza.

Basi wakaanzia Kongwa, nchi ya Wagogo. Mgogo hahitaji kusomewa kitabu ajue mvua ya kwao ilivyo. Njaa ya Mtunya, iliyoua watu wengi mno baada ya vita ya kwanza, ilikuwa haijatimiza hata miaka 30, na wazee walioipona walikuwa hai, wanachunga ng'ombe na kupanda uwele na mtama palepale matrekta yalipopita. Lakini Mgogo hakuwa na kiti katika baraza lile.

Mwaka 1947 walikusudia kulima eka 150,000. Zilizopandwa zilikuwa kama 7,500. Matrekta mengi yalikuwa mabaki ya vita, yakaharibika kabla ya kazi kuendelea, wala mafundi hawakutosha. Udongo wa Kongwa una mfinyanzi, na kiangazi kikifika hukauka ukawa kama saruji. Karanga huzaa chini ya ardhi. Sasa mtu atazing'oaje katika saruji? Mkulima yeyote angesimama hapo akafikiri. Wao wakaongeza mwendo! Wakaagiza mashine zaidi, hata vifaru vya vita vikageuzwa kuwa matrekta, maana Waziri alikuwa amekwisha kutangaza mpango huu Bungeni, na kurudi nyuma kulionekana aibu. Mwaka 1948 kazi ikatoka mikononi mwa kampuni ikapewa shirika la Serikali yao. Ukame ukaja mwaka 1949, na katika mwaka huo huo wakaguzi wakashindwa kuthibitisha kwamba vitabu vya hesabu vya shirika vilikuwa vimeandikwa ipasavyo. Fikirini: mamilioni ya paundi yanatumika, na hapana anayeweza kuonyesha sawasawa yamekwenda wapi. Januari 1951 mpango ukafutwa, na hasara ikapita paundi milioni 36. Hata reli iliyojengwa kutoka Mtwara kwenda Nachingwea iling'olewa baadaye.

Wako watakaosema kwamba hayo yalikuwa maradhi ya wakoloni, na kwamba Mwafrika akishika usukani hayatatokea. Hatukubali. Tena Kongwa tunazungumza juu ya kiburi tu. Bado hatujataja wizi. Palipo na kiburi vitabu havifunguliwi, na pasipofunguliwa vitabu mwizi hukaa raha mustarehe.

Tazameni Nairobi. Kumbukeni kisa cha tarehe 13 Oktoba 2015, siku Benki Kuu ya Kenya ilipoichukua Imperial Bank na kuiweka chini ya mfilisi wa muda. Ilikuwa benki iliyosifiwa. Muda mfupi kabla yake ilikuwa imekusanya shilingi bilioni 2 kwa kuuza hati za mkopo. Mkurugenzi wake mkuu alipofariki Septemba mwaka huo ndipo ikajulikana kwamba kwa miaka mingi fedha zilikuwa zikitolewa kwa siri, na zilizopotea zilipita shilingi bilioni 30. Benki hiyo ilikuwa na bodi, na ilikuwa na wakaguzi. Wenye akiba walikuta milango imefungwa, wakangoja miaka kulipwa, na wengi hawakupata chote.

Sasa turudi kwetu. Mwanachama anayeuliza swali katika mkutano wa ushirika huambiwa kwamba ni mpinga maendeleo, au kwamba ametumwa. Meneja akisema mavuno yatakuwa maradufu, hupigiwa makofi kabla ya mtu kuuliza mvua isiponyesha itakuwaje, bei ikianguka itakuwaje, na mkopo utalipwa na nani. Taarifa ya mkaguzi hufungiwa kabatini, nayo imeandikwa kwa Kiingereza ambacho mwenye pamba yake hakisomi. Na msituambie kwamba hayo ni ya wapinzani wetu peke yao. Wengi wa viongozi hao wana kadi ya Chama.

Twataka taarifa ya mkaguzi isomwe kwa Kiswahili, yote, mbele ya wanachama, kabla ya uchaguzi wa viongozi na si baada yake. Mpango wowote mpya ujaribiwe kwanza kwa eka chache au kwa fedha kidogo, na majibu yake yaonyeshwe hata yakiwa mabaya. Mjumbe wa bodi aliyekataa, jina lake na sababu zake ziandikwe katika kumbukumbu za kikao. Wala asiwepo mtu mmoja, hata awe mzee wetu aliyeanza na Chama tangu siku ya kwanza, anayeshika fedha, vitabu na mhuri peke yake. Matawi yatakayokutana mwezi huu yaanze na jambo hili.