Huo wimbo wa Layla mnauelewa vibaya

Kuna gitaa fulani limeanza kuzunguka tena kwa simu za wasee hapa Garissa. Unalijua hata kama hujui jina la wimbo. Linaanza kwa fujo, magitaa yanafukuzana, halafu jamaa anaingia akiita jina la msichana kama mtu anayegonga mlango usiku. Vidio zenyewe ni zilezile: jua linazama juu ya Tana, kijana amesimama karibu na daraja akitazama maji, maandishi ya kuumizwa yanapita. Chini kwa komenti kila mtu anaandika kwamba hayo ndiyo mapenzi ya kweli.

Mimi nasema hapana. Huo ni wimbo wa mtu anayemsumbua mwanamke mbele ya watu. Ni mtamu sana, na utamu ndio unatufanya tusione.

Wacha nianze na wimbo wenyewe, juu nimesikia watu wakiusemea mambo ya ajabu. Ulitoka 1970. Bendi inaitwa Derek and the Dominos, lakini Derek huyo ni Eric Clapton, mpiga gitaa wa Uingereza, alikuwa amejificha nyuma ya jina. Aliuandika na mpiga ngoma wake, Jim Gordon. Lile gitaa lingine linalolia juu kabisa kama ndege ni la Duane Allman, Mmarekani ambaye mwaka uliofuata alikufa kwa ajali ya pikipiki akiwa na miaka 24. Clapton wakati huo alikuwa amempenda Pattie Boyd, na shida ilikuwa moja tu: Pattie alikuwa mke wa George Harrison wa Beatles, na Harrison alikuwa rafiki yake wa karibu. Layla ni Pattie aliyevalishwa jina la kukopa.

Sasa toa gitaa. Yasome maneno peke yake kwa skrini, kama meseji imeingia kwa simu. Jamaa anaanza kwa kumuuliza mwanamke atafanya nini upweke ukimshika. Anamkumbusha kwamba yeye ndiye alijaribu kumfariji wakati mwanamume wake alimwangusha. Anapiga magoti, anasihi, anaomba asiambiwe kwamba hakuna njia. Na mwanamke anafanya nini katika wimbo mzima? Anakimbia na kujificha. Hiyo ndiyo kazi pekee aliyopewa.

Kama abaayo wako angekuonyesha meseji kama hizo kutoka kwa jamaa asiyetaka kumsikia, ungemwambia ni mapenzi ya kweli? Walaahi ungeuliza huyo jamaa anakaa bulla gani.

Na mwenyewe aliongea. Mwaka 2007 Pattie Boyd alitoa kitabu cha maisha yake, na humo anaeleza siku Clapton alimwita akamchezea kanda ya wimbo huo kabla haujatoka. Hakukataa kwamba una nguvu. Lakini wazo lililomjia kwanza kichwani ni kwamba watu wote watajua ni yeye. Mwanamke anaandikiwa moja ya nyimbo kubwa zaidi za roki, na kitu cha kwanza anachohisi ni hofu ya watu. Msichana yeyote wa Garissa anaielewa hofu hiyo bila kuelezwa na mtu wa London.

Najua mtaniambia, si mwishowe alimpata? Ndiyo, walioana 1979. Mwisho wa miaka ya themanini walikuwa wameachana, na pombe ilikuwa imekula sehemu kubwa ya ile ndoa. Tuendelee.

Hapa ndipo mambo yananigusa, juu Layla wa kwanza hakuwa wa London hata kidogo. Clapton alikuwa amepewa kitabu cha Nizami, mshairi wa Kiajemi wa karne ya 12, na Nizami naye aliipata hadithi kwa Waarabu. Inasimuliwa kwamba katika karne ya 7, kwenye kabila la Banu Amir huko Arabuni, kijana anaitwa Qays alimpenda Layla. Riwaya nyingine zinasema walikua pamoja wakichunga mifugo. Ukiichukua hiyo hadithi ukaiweka kati ya Modogashe na Habaswein, hakuna kitu utabadilisha isipokuwa lafudhi.

Watu huruka sehemu moja. Kwa nini babake Layla alikataa? Wengi wetu tunadhani ni umaskini, kwa sababu hiyo ndiyo sababu tunayoijua hapa. Riwaya maarufu inasema alikataa kwa sababu Qays alikuwa ameshamwimba. Jina la binti lilikuwa ndani ya mashairi, na mashairi yalikuwa yamefika kila kisima. Kwa desturi ya Waarabu wa jangwani, kumwoza binti kwa mtu aliyemtangaza hivyo kungeonekana kama baba anafunika aibu. Yaani shairi lenyewe ndilo lilifunga mlango! Layla akaozwa mtu mwingine. Qays akaenda nyikani kuishi na wanyama, watu wakamwita Majnun. Kiswahili kinasema majununi, ni neno hilohilo.

Qays alitoka hapo na umaarufu wa zaidi ya miaka elfu moja. Layla alitoka na ndoa ambayo hakuichagua na jina ambalo kila mpita njia alikuwa analijua.

Wasomali tuna wetu pia. Ayeeyo wangu hataki kusikia gitaa nyumbani, lakini ukimtajia Elmi Boodhari anaweka tasbihi chini. Elmi alikuwa mwoka mikate Berbera, enzi za Waingereza. Akampenda Hodan. Hakuwa na mali, Hodan akaolewa na mwingine, Elmi akaendelea kutunga mpaka akafa, na hadi leo watu wanasema mapenzi ndiyo yalimuua. Nyimbo za qaraami zinazopigwa kwa kaban bado zinamtaja. (Baadaye kidogo, miaka ya 1940, dereva wa lori anaitwa Abdi Sinimo alianzisha mtindo wake wa nyimbo za mapenzi, ukaitwa balwo. Hilo neno na balaa ya Kiswahili yametoka kwa mzizi mmoja wa Kiarabu. Watu wa zamani hawakuwa wanajidanganya.)

Nilimuuliza ayeeyo, sawa, Elmi alisema hayo yote, Hodan naye alisema nini? Alinitazama kama nimeuliza kitu cha kitoto. "Hodan alikuwa mke wa mtu. Angesema nini?"

Sasa tuje kwetu, saa hii. Mimi nafanya kontenti na pia natengenezea watu vidio. Niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilikataa, na simu ndiyo imekuwa ofisi. Kazi ya vidio ya kuumizwa ni shilingi 200 hivi, 300 ukiweka madoido. Kijana anakuja na wimbo, na picha ya msichana ambayo mara nyingi imepigwa kwa harusi bila mwenyewe kujua, halafu anataka jina. Nikikataa jina anapunguza: "Buda, weka tu S wa Bulla Iftin." Kwa mji huu, S wa Bulla Iftin ni sawa na kuandika namba ya kitambulisho. Clapton angalau alikuwa na London nzima ya kumfichia Pattie, na bado watu walijua. Hapa kabla ya Isha habari imefika Soko Mugdi, asubuhi iko Dadaab, na kwa grupu ya familia adeer wa Minneapolis ameshatuma sauti ya dakika nne akiuliza huyu ni binti wa nani.

Hizo kazi sizifanyi. Nimeambiwa najifanya shekhe, na wateja wanaenda kwa jamaa mwingine mwenye hana maswali. Sawa.

Kuna binti wa upande wa mama yangu alifanyiwa hivyo. Hakuwa amemwahidi kijana kitu, walikuwa wanasalimiana dukani, basi. Vidio ilikuwa nzuri, sitadanganya, hata muziki ulikuwa umekatwa vizuri. Kijana alipata wafuasi. Binti alinyang'anywa simu, akatolewa tuisheni, na kwa miezi kila ndugu aliyeingia nyumbani alianza na swali lile moja. Kijana hakuulizwa na yeyote. Yeye alipewa pole, akaambiwa wanawake ni hivyo. Kwa wimbo wa kuumizwa, hebu niambieni aliyeumia ni nani.

Mtu atasema sheria iko. Ni kweli, sheria ya mwaka 2018 ya matumizi mabaya ya kompyuta na makosa ya mtandaoni inagusa mambo ya kumsumbua mtu mtandaoni. Lakini nani hapa atampeleka binti yake kituoni akaeleze vidio ya mapenzi kwa askari watatu? Kulalamika kwenyewe ni kuitangaza mara ya pili. Na wazee wakikaa, wanaongea heshima ya familia mbili, chai inaletwa, mambo yanaisha. Binti hayuko kwa kikao.

Sisemi msiumie. Nimeumia pia, na sitaeleza hapa. Najua wanaume wa huku hatufundishwi kulia, kwa hivyo wimbo unabaki mahali pekee pa kulilia. Najua pia kijana wa miaka 24 bila kazi, akisikia yarad inahesabiwa kwa ngamia ama kwa pesa ambazo hajawahi kuzishika, anahisi dunia nzima imemkataa, na uso anaoujua katika hiyo dunia ni wa msichana mmoja tu. Hasira yote inaenda kwake. Lakini yeye hakupanga bei. Mara nyingi hata hakuwa chumbani.

Ndiyo maana ukiniuliza wimbo mkubwa wa kuvunjwa moyo ni upi, sitasema Layla. Nitasema Malaika. Ndiyo, huo huo, ule watalii wanaimbiwa hotelini Mombasa. Fadhili William aliurekodi, Miriam Makeba akaupeleka dunia nzima, Boney M wakaugeuza wa kuchezea disko, na nani hasa aliutunga watu wamebishana miaka mingi. Umeusikia mara nyingi hadi umeacha kuusikiliza. Ni kijana anataka kuoa na hana kitu. Hiyo ndiyo hadithi yote. Na sisi tunaupiga kwenye harusi! Wimbo wa harusi ambayo haikufanyika, watu wanakula pilau na kupiga picha.

Angalia vile huyo kijana anaongea. Jina la msichana hulijui, anamwita malaika na kumwachia hapo. Hamtishi na upweke. Hamwambii amekuwa akimkimbia. Anasema tatizo liko wapi, kwa mfuko wake mwenyewe, na anaimba polepole. Huyo binti, kama alikuwepo, angeweza kuusikia redioni akiwa ameketi na mume na watoto, na hakuna mtu chumbani angegeuka kumtazama. Jamaa mmoja aliniambia bila jina wimbo unapoa. Malaika umeimbwa zaidi ya miaka sitini, bado haujapoa.

Msiniambie pia kwamba nachukia Layla. Naupenda vibaya. Mwaka 1992 Clapton aliurudia akiwa ameketi, gitaa bila umeme, mwendo wa mtu aliyechoka, na huo uliorudiwa ukashinda Grammy ya wimbo bora wa roki. Wakati huo yeye na Pattie walikuwa wameshaachana. Maneno ni yaleyale lakini hagongi mlango tena. Wengi wenu mnasema umekufa nguvu. Kwangu ndio wa kusikilizika, kwa sababu hamlazimishi mtu chochote.

Na kwa ule wa 1970, mimi nasikiliza sehemu moja tu. Wimbo unapita dakika saba, na karibu nusu ya mwisho haina neno hata moja. Kelele zinaisha, piano inaingia, magitaa yanakaa nyuma yake kwa adabu. Kwenye karatasi hiyo piano ni ya Jim Gordon. Rita Coolidge, mwimbaji aliyekuwa mpenzi wake wakati huo, amesema miaka yote kwamba ilitoka kwa wimbo waliotunga pamoja, na jina lake halikuandikwa popote. Kwa hivyo ndani ya kazi moja kuna Pattie, ambaye hakuomba kuwekwa akawekwa, na Rita, ambaye alitaka jina lake liwepo na halipo. Hakuna vidio hata moja ya hapa Garissa inayofika hiyo sehemu, zote zinakatwa kwenye kelele. Inaanza baada ya dakika ya tatu hivi. Vaa visikizi kwanza, watu wa nyumbani wamelala.