Mchimbaji Naye ni Mfanyakazi

Wahenga walinena kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Methali hii twaizoea tukimsema rafiki mwenye hila. Lakini katika machimbo ya dhahabu ya Migori ina maana iliyo wazi zaidi. Mchimbaji atokapo shimoni jioni, nguo zake zimekuwa nyeupe kwa vumbi, na vumbi hilo ndilo linalomla. Hoja ya insha hii ni moja: mtu aliyeharibiwa mapafu na kazi anastahili fidia, na aliyefaidika na kazi hiyo asiruhusiwe kuikwepa deni kwa kumwita mfanyakazi jina jingine.

Kwanza tuitazame kazi yenyewe. Dhahabu imechimbwa Nyatike na pande jirani tangu miaka ya 1930. Leo wachimbaji walio wengi ni watu wa nyundo, patasi na kamba. Wanaume hushuka mashimoni wakauvunja mwamba; wanawake huketi juu wakiyaponda mawe; kisha mawe makavu hutiwa katika mashine iitwayo karasha, yakasagwa yakawa unga. Ndani ya mawe hayo mna silika. Chembe zake zilizo hatari ni ndogo hata jicho halizioni, na kitambaa kilichofungwa puani hakizizuii. Hufika ndani kabisa ya mapafu zikafanya makovu, na maradhi hayo huitwa silikosisi. Hayana dawa ya kuyaponya. Aghalabu hujitokeza baada ya miaka 10 au zaidi, ingawa vumbi likiwa jingi mno huja mapema. Tena humfanya mgonjwa ashikwe upesi na kifua kikuu. Mwaka 1997 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliitia silika hii katika orodha ya vitu viletavyo saratani kwa binadamu, ambamo asbesto ilikuwa imekwisha kutiwa.

Wenye mashimo na wenye karasha wana majibu yao, nasi tuyapime kwa haki.

Husema, "Hakuna aliyemlazimisha, alikuja kwa miguu yake." Ni kweli alikuja, bali alikuja akitafuta unga wa kupika, si unga wa mawe. Mtu asiyeambiwa kilichomo katika hewa anayoivuta hawezi kusemwa kuwa ameikubali hatari yake.

Husema tena, "Huyu si mwajiriwa wangu, ni mshirika, twagawana magunia ya mawe." Hapa ndipo penye hila kubwa. Mshirika ni mtu mwenye sauti. Je, nani aliyeamua shimo lichimbwe wapi? Nani aliyeamua mawe yasagwe makavu, wala yasinyunyiziwe maji? Kama ni mtu mmoja aliyeamua yote, basi huo si ushirika, ni kazi iliyovishwa kanzu ya ushirika.

Sheria za Kenya nazo hazidanganyiki upesi hivyo. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 humwagiza mwenye mahali pa kazi kulinda usalama na afya ya watu wote wafanyao kazi hapo, wala haikuishia kwa waajiriwa tu. Sheria ya Ajira ya mwaka huo huo yatambua mapatano ya mdomo kuwa mkataba. Na kazi ikifikia miezi 3, ni wajibu wa mwajiri kuyaandika. Nayo Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini, pia ya mwaka 2007, humtaka mwajiri amlipe mfanyakazi aliyepatwa na maradhi ya kazi. Na fidia ya ulemavu wa kudumu huhesabiwa kwa msingi wa mapato ya miezi 96. Na iwapo mchimbaji kweli si mwajiriwa, mwenye shimo asishangilie mapema. Sheria hii humkinga mwajiri asishtakiwe na mwajiriwa wake kwa njia nyingine. Asiye mwajiri hana kinga hiyo, naye aweza kufikishwa mahakamani kwa uzembe.

Jibu lao la tatu ni hili: "Ana kifua kikuu tu." Huenda anacho, lakini kifua kikuu huweza kupandwa juu ya silikosisi, na asiyeulizwa kazi yake hutibiwa nusu ya ugonjwa. Kijana wa Ndhiwa, kaunti ya Homa Bay, huvuka akachimba Nyatike miaka mingi, kisha akarudi kwao kukohoa. Vumbi amelivuta kaunti moja, daktari anamwona kaunti nyingine. Asipoitaja kazi yake, ataithibitisha vipi haki yake?

Afrika Kusini imetupa funzo. Mwaka 2019 Mahakama Kuu ya Johannesburg iliidhinisha mapatano kati ya wachimbaji wa dhahabu waliougua mapafu na makampuni sita, ya randi bilioni 5 hivi. Wadai walihesabiwa tangu waliofanya kazi mwaka 1965, hata waliokuwa wamekwisha rudi Lesotho na Msumbiji. Waliweza kudai kwa kuwa majina yao yalikuwamo katika daftari za makampuni. Mashimo yetu hupima mawe kwa uangalifu mkubwa, lakini jina la aliyeyatoa haliandikwi popote.

Basi yafaa kila shimo na kila karasha iwe na daftari ya watu na siku zao za kazi, na serikali za kaunti zisikubali shimo lisilo nayo. Yafaa mawe yanyunyiziwe maji kabla ya kuvunjwa na kusagwa. Mwenye kukohoa na amweleze daktari kazi yake, aombe picha ya kifua, naye atoe taarifa mapema kwa mwajiri na kwa Idara ya Usalama na Afya Kazini, kwa maana madai yana muda wake.

Nawe kijana usomaye haya, huenda kaka yako au mama yako yuko machimboni hivi sasa. Wewe wajua kusoma na kuandika. Chukua daftari, mwulize alianza lini, kwa nani, na pamoja na nani, uyaandike leo.