Gredi ya 10 Kakamega: Kifaransa si Lugha ya Masonko, ni ya Majirani

Tangu Januari 2026, mbogi ya kwanza ya CBC iko Gredi ya 10. Kila mmoja alichagua mkondo wake: STEM, Sayansi za Jamii ama Sanaa na Michezo. Ukitoa yale masomo ya lazima, unabaki na matatu ya kujichagulia, na Kifaransa kiko hapo upande wa Sayansi za Jamii. Kwa karatasi mambo ni fiti. Kwa ground vitu ni different.

Mtoto wa Shinyalu anayesoma shule ya kutwa hawezi kuchagua Kifaransa kama shule yake haina ticha wa Kifaransa. Simple. Anayechagua kwanza ni shule, mwanafunzi anachagua kwa mabaki. Na serikali ilipopunguza masomo ya sekondari msingi hadi 9 mwaka 2024, Kifaransa hakikuingia kwa hiyo orodha. Kwa hivyo wengi wanafika Gredi ya 10 wakianza sufuri, na wako na miaka mitatu tu.

Najua kuna msee anasema, "Kwani naenda Paris?" Sahau Paris, buda. Angalia ramani. Busia ni safari ya matatu kutoka Kakamega mjini. Vuka Uganda yote, upande ule mwingine unapata Kongo, watu zaidi ya milioni 100. Burundi na Rwanda ziliingia EAC 2007, Kongo ikafuata 2022. Mwaka 2021 marais wa EAC walipitisha Kifaransa na Kiswahili ziwe lugha rasmi za jumuiya. Chapaa nayo haikungoja: Equity ilinunua benki ya BCDC huko Kongo 2020, KCB ikachukua TMB 2022.

Utaniambia Goma na Lubumbashi wanabonga Kiswahili. Kweli kabisa, na sokoni utaelewana na kila mtu. Lakini mkataba, fomu za forodha na barua ya kazi ziko kwa Kifaransa. Kiswahili kitakuuzia viazi, ila kandarasi inasainiwa kwa Kifaransa. Hata makarao wetu walipotua Haiti Juni 2024, walikuta nchi ya Kikrioli na Kifaransa. Huko Kizungu cha Kenya hakikufikishi mbali.

Sasa mbona shule nyingi hazina hilo somo? Ni mduara. Mwalimu mkuu anaona wanafunzi wanaotaka ni wachache, kwa hivyo haombi ticha. Bila ticha, hao wachache wanahamia somo lingine. Mwaka unaofuata hakuna hata mmoja. Shule yenye wazazi wa kujipanga inaajiri mwalimu wa bodi na kumlipa yenyewe. Ile ya wazazi wanaosumbuka na karo inaachana na hiyo stori. Hivyo ndivyo lugha ya majirani inageuka kuwa lugha ya masonko.

Dawa si lazima iwe ya bei. Shule tatu jirani za Lurambi zinaweza kugawana ticha mmoja, kila moja na siku zake. Kaunti nayo inaweza kuisukuma TSC badala ya kungoja Nairobi ikumbuke.

Na wewe uliye Gredi ya 9, usichague Kifaransa juu kinasikika poa. Uliza kwanza: ticha yuko? Ameajiriwa na TSC ama na bodi? Atakuwa hapo hadi Gredi ya 12? Pia usidanganywe, Kifaransa peke yake si kazi. Kiunganishe na uhasibu, uuguzi, hoteli ama biashara ya mizigo, hapo ndio unaanza kuomoka.

Msee wa Bukavu ataingia soko la EAC na Kiswahili na Kifaransa. Wa Kakamega naye ako na Kiswahili na Kizungu. Interview ni moja. Nani amemwibia huyu wetu nafasi ya kuongeza ya tatu?